Je, niache ajira nihamie voliboli ya ufukweni?

"Nina miaka 24. Nimecheza voliboli ya ukumbini kwa misimu mitano, nikiwa mshambuliaji wa pembeni katika klabu ya Nairobi ambayo pia imeniajiri kama karani. Urefu wangu ni sentimita 175. Tangu mwaka jana goti la kulia huniuma chini kidogo ya kilegesambwa, hasa ninapopasha mwili moto na asubuhi ya siku inayofuata mechi. Rafiki yangu wa Mombasa anataka tuungane tucheze voliboli ya ufukweni kama kazi, na anasema mchanga utaliponya goti. Mama, ambaye ni mtu wa Likoni, ana maswali mawili: nitakula nini, na nitavaa nini? Mimi nina la tatu: je, sijachelewa? Klabu inataka kunipa mkataba mpya wa miaka miwili na nimeambiwa nijibu kabla ya msimu kuanza."

Dada yangu, umeuliza kuhusu umri, goti, mavazi na riziki, lakini nilipoirudia barua yako niliona hofu moja iliyoyabeba yote manne, nayo ni kwamba lazima uchague sasa hivi, na kwamba ukikosea hutaweza kurudi ulikotoka. Nimewafunza na kuwahudumia wachezaji wa mchangani kwa miaka mingi, na nakwambia mapema ninakoelekea ili usome kwa utulivu: usiache ajira mwaka huu, lakini anza mchanga mwaka huu huu. Yanayofuata ni sababu zake.

Suala la umri halitatuchukua muda. Hujachelewa. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta mwaka 1996, na dhahabu ya kwanza ya wanawake ilikwenda kwa Jackie Silva na Sandra Pires wa Brazil. Jackie alikuwa na miaka 34, na kabla ya hapo alikuwa amecheza Olimpiki za 1980 na 1984 katika timu ya ukumbini. Alix Klineman wa Marekani alicheza ukumbini kwa kulipwa nchini Italia na Brazil, akahamia mchangani mwaka 2017 akiwa na miaka 27, na katika Olimpiki ya Tokyo akatwaa dhahabu pamoja na April Ross, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 39. Karibu nasi zaidi, Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, walioiwakilisha Kenya huko huko Tokyo, walitoka ukumbini kama wewe, na wote wawili walikuwa wakubwa kuliko ulivyo leo. Mchezo huu huwapendelea waliokomaa kwa sababu sehemu yake kubwa ni kusoma: kusoma upepo, kusoma bega la mpinzani, na kujua mwenzako atakuwa wapi kabla hajafika. Hayo hayapatikani kwa miaka miwili ya ujana.

Urefu wako nao hautakuzuia. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24 mchangani kama ulivyo ukumbini, na ni kweli kwamba wazuiaji wengi wa kiwango cha dunia ni warefu sana. Lakini jozi nyingi huwa na mmoja wa kuzuia wavuni na mwingine wa kulinda nyuma, na kwa sentimita 175 wewe ni mlinzi. Kwa hiyo swali la maana kuhusu urefu ni lile la rafiki yako: je, yeye anaweza kuzuia? Kama wote wawili ni walinzi, mna tatizo ambalo mazoezi hayataliondoa.

Mwambie mama kwamba swali lake la mavazi lilipatiwa jibu zamani. Tangu mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London, kanuni za kimataifa zinawaruhusu wanawake kuvaa kaptura na fulana, na pia mavazi yanayofunika mikono na miguu. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza Rio mwaka 2016 akiwa amevaa hijabu, suruali na mikono mirefu, akarudi tena Paris mwaka 2024. Kisa cha wanawake wa Norway waliotozwa faini mwaka 2021 kwa kuvaa kaptura, ambacho huenda mama alikisikia, kilikuwa cha mpira wa mikono wa ufukweni, mchezo mwingine wenye kanuni zake. Jambo la kukubaliana mapema ni kwamba wewe na mwenzako mtatakiwa kuvaa sare inayofanana, kwa hiyo lizungumzeni kabla ya kuagiza jezi.

Sasa goti. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewaumiza wengi.

Maumivu ya chini ya kilegesambwa, yanayokuja mwili ukiwa baridi, yakapungua ukishapata moto na kurudi asubuhi ya pili, mara nyingi hutokana na kano inayounganisha kilegesambwa na mfupa wa muundi. Siwezi kukupimia ugonjwa kwa barua, lakini maelezo yako yanafanana sana na hali hiyo, ambayo ni ya kawaida mno kwa wachezaji wa ukumbini. Kila unaporuka na kutua kwenye sakafu ngumu, kano hiyo hubeba mzigo mkubwa kwa muda mfupi sana. Kano hujijenga polepole kuliko misuli, kwa hiyo idadi ya miruko ikiongezeka haraka kuliko inavyoweza kujijenga, huanza kulalamika.

Mchanga hubadilisha hesabu hiyo kwa namna mbili. Kwanza, ukitua, chembe husogea na kuirefusha ile sekunde ya kusimama, hivyo kilele cha mzigo kinashuka. Ndiyo maana maumivu ya kano hii huonekana kwa wachezaji wachache zaidi ufukweni kuliko ukumbini, na hapo rafiki yako amesema kweli. Pili, ukisukuma ili uruke, mchanga haukurudishii nguvu kama ubao unavyofanya, bali unakimbia chini ya mguu. Kukimbia mchangani kunagharimu nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Nguvu hiyo ya ziada inatoka kwenye vigimbi, kano ya kisigino, nyonga na misuli midogo ya nyayo, viungo ambavyo kwako vimezoea viatu na sakafu. Mchezaji mmoja niliyemhudumia alifurahi goti lilipotulia katika wiki ya pili, akaongeza mazoezi hadi mara tano kwa wiki, na katika wiki ya sita akaja akichechemea kwa kano ya kisigino iliyomweka nje kwa miezi minne. Mzigo ulikuwa umehama kutoka gotini hadi kisiginoni, naye hakuwa na habari.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Kano haiponi kwa kupumzishwa wala kwa kubembelezwa, inapona kwa kubebeshwa mzigo mzito, polepole, na kwa kipimo. Ukihamia mchangani na kuacha mazoezi ya uzito, goti litanyamaza huku kano ikizidi kudhoofika, na siku utakayorudi ukumbini litakuuma kuliko mwanzo. Kwa hiyo endelea kuchuchumaa na uzito mara mbili au tatu kwa wiki, ukishuka polepole na kupanda polepole, ukisimamiwa na mtu anayejua kazi hiyo. Maumivu yasiyozidi 3 kwa kipimo cha 10, yanayotulia kufikia kesho yake asubuhi, unaweza kuendelea nayo. Yakizidi hapo au yakiamka nawe, punguza miruko, usikatishe mazoezi yote. Mchangani anza na vipindi viwili kwa wiki visivyozidi dakika 45, na hesabu miruko yako. Najua kuhesabu kunachosha, lakini bado sijaona njia nyingine ya kuaminika.

Ufukweni kiungo cha kulindwa zaidi ni bega. Uwanja una mita 16 kwa 8, wachezaji ni wawili, na hakuna wa akiba. Wapinzani watakuanzishia mpira wewe huyo huyo seti nzima wakiona umechoka, na kila unapopokea ni wewe utakayepiga. Tena huruhusiwi kudokoa mpira kwa ncha za vidole kama ukumbini, kwa hiyo mikono inatumika kwa njia mpya. Wachezaji wa voliboli wana tatizo lao maalumu la neva inayopita nyuma ya bega kubanwa, na misuli iliyo juu ya ubapa wa bega ikakonda bila maumivu yoyote. Mwombe mtu akutazame mgongoni kila baada ya miezi michache. Upande mmoja ukionekana umebonyea kuliko mwingine, usingoje uume.

Na kwa kuwa mtafanyia mazoezi Mombasa, chungeni mchanga wenyewe. Kanuni za mashindano makubwa zinataka mchanga laini wa kina kisichopungua sentimita 40. Ule wa karibu na maji, uliolowa na kushindiliwa na bamvua, ni mgumu karibu kama sakafu. Unaruka vizuri, unajisifu, kisha unakwenda mashindanoni ukagundua kwamba hujawahi kuucheza mchezo wenyewe. Chezeni juu, kwenye mchanga mkavu, asubuhi kabla jua halijauwasha. Kitu kimoja mtakipata bure, nacho ni upepo. Kusi ikivuma mtajifunza kuanzisha mpira kwa namna ambayo hakuna ukumbi wa Nairobi unaoweza kuwafundisha, na kwa kuwa pande hubadilishwa kila baada ya pointi 7, mtaujua upepo usoni na mgongoni.

Sasa nije kwenye swali la mama, nitakula nini, ambalo kwa maoni yangu ndilo swali bora kuliko yote uliyoniandikia.

Watu hudhani mchezaji wa kulipwa wa ufukweni hulipwa kama wa ukumbini au wa kandanda, yaani klabu inamwajiri na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Sivyo. Mbali na ligi chache za nchi chache, jozi ya wachezaji wawili ni kama biashara ndogo: inalipa nauli yake, kocha wake, hoteli yake na viza zake, kisha inagawana zawadi inayopata. Bingwa mwenyewe huishi zaidi kwa wadhamini na ruzuku za nchi yake kuliko kwa zawadi za uwanjani. Mfumo wa kimataifa wa sasa, Beach Pro Tour, ulioanza mwaka 2022, una ngazi tatu. Futures ni ya chini, Challenge ya kati, na Elite, iliyoanza kwa jina la Elite16, ni ya juu, na fedha za maana zimelundikana juu. Ili uingie ngazi ya juu unahitaji pointi, pointi zinapatikana kwa kushiriki, kushiriki kunahitaji nauli, na nauli inahitaji mdhamini ambaye anataka kwanza kuona pointi zako. Ndipo mahali ambapo safari nyingi za wachezaji wa Afrika hukwama, na kiwango cha mchezo hakihusiki sana.

Fikiria jinsi inavyokuwa. Jozi isiyo na pointi husafiri nchi ya mbali ili icheze mchujo. Ikishindwa mechi moja, imemaliza. Tiketi ya ndege ni ile ile iliyolipwa na jozi iliyofika fainali. Ukiongeza siku za kungojea viza ya Ulaya, ambayo Mkenya huiomba na Mjerumani haihitaji, utaelewa kwa nini jozi mbili zenye uwezo sawa zinaweza kuachana mbali baada ya miaka miwili. Ndiyo maana napenda mashindano ya karibu. Mwaka 2019 na mwaka 2021 Rwanda iliandaa mashindano ya mfululizo wa dunia wa wakati huo, ya ngazi ya chini, huko Rubavu kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo mtu wa Nairobi anaweza kufika kwa basi akiamua. Yakitokea ya namna hiyo katika ukanda wetu, hayo ndiyo ya kwanza kuyawekea akiba.

Kwa Olimpiki pia kuna njia mbili, na zinahitaji mifuko tofauti. Kati ya jozi 24 za wanawake zilizocheza Paris mwaka 2024, 17 ziliingia kwa orodha ya viwango iliyokokotolewa kwa matokeo 12 bora ya jozi. Mashindano 12 ni zaidi ya safari 12, kwa sababu si kila safari inaleta matokeo ya kuhesabiwa. Njia ya pili ni kombe la bara, na hiyo ndiyo iliyoipeleka Kenya Tokyo, baada ya ushindi wa Agadir, Morocco, mwaka 2021. Wengi hawajui kwamba katika kombe hilo kila nchi hupanga jozi mbili, yaani wachezaji wanne, na nafasi inayopatikana ni ya nchi, si ya jozi fulani. Kwa maana hiyo unaweza kushinda mechi zinazoipeleka nchi yako Olimpiki, kisha ukaitazama Olimpiki kwenye televisheni. Nakueleza hili ili usipange maisha juu ya nafasi ambayo mtu mwingine ndiye atakayeigawa. Lakini lina upande wake mzuri: nchi inahitaji wanne wazuri na akiba yao, na kwetu waliozoea mchanga hadi hapo si wengi.

Ndiyo maana nasema usiache ajira. Huku kwetu klabu kubwa za wanawake, kama KCB, Kenya Pipeline na Magereza, zinashikiliwa na benki, mashirika na idara za serikali, na kwa mchezaji mwenye cheo chako ule ukarani ndio mdhamini wa kwanza utakayempata, tena asiyedai pointi. Nenda kwa klabu yako kabla ya kutia saini, uombe mambo matatu yaandikwe ndani ya mkataba: kwamba unaruhusiwa kucheza ufukweni nje ya ratiba ya ligi, kwamba unaweza kuomba likizo bila malipo kwa mashindano ya timu ya taifa ya ufukweni, na kwamba ukiumia mchangani matibabu yako hayatakataliwa. Hili la tatu ndilo watu husahau, kisha hulia nalo hospitalini. Klabu ikikataa yote, omba mkataba wa mwaka mmoja badala ya miwili. Ikikataa na hilo, basi una uamuzi mgumu kweli, na ningekushauri umtafute wakili au afisa wa chama cha wafanyakazi akusomee karatasi hizo, kwa sababu mimi najua magoti kuliko sheria.

Kuna neno la rafiki yako pia. Ufukweni unafunga ndoa ya kimichezo, na talaka ni nyingi. Ana Patrícia na Duda wa Brazil walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya vijana Nanjing mwaka 2014, wakatengana, kila mmoja akacheza Tokyo na mwenzake mwingine bila kupata medali. Ana Patrícia aliwashinda Wakenya wetu katika kundi akiwa na Rebecca, kisha akatolewa robo fainali. Waliporudiana walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2022 na dhahabu ya Paris mwaka 2024. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa kuondoka wala kwa kurudi. Ninyi andikeni mapema, kwenye karatasi moja tu, nani analipa nini, zawadi inagawanywaje, mmoja akiumia mwingine anangoja kwa muda gani, na mmoja akitaka kuondoka anatoa taarifa ya siku ngapi. Rafiki akichukizwa na karatasi hiyo, umepata habari muhimu kwa bei nafuu.

Kipimo changu ni misimu miwili. Msimu wa kwanza, ligi ikimalizika, cheza kila shindano la ufukweni la ndani ya nchi unaloweza kulifikia na uweke daftari la gharama kwa kila shilingi. Msimu wa pili, jaribu kuingia kambi ya taifa na mashindano mawili au matatu ya nje. Ikiwa baada ya hapo mnashinda nyumbani mara kwa mara, na yuko mtu asiye ndugu yenu aliyekubali kulipia angalau nusu ya safari, basi utakuwa na miaka 26 na sababu ya kuzungumzia kuacha kazi. Nimewahi kumshauri kijana mmoja aache mapema kuliko hapo, na sijayafurahia matokeo ya ushauri wangu.

Kabla ya yote hayo, peleka goti likatazamwe na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa michezo kwa macho na mikono, si kwa simu. Usingoje miadi ya kawaida ikiwa goti linavimba baada ya mazoezi, linakwama, linalegea ghafla unapogeuka, linauma usiku ukiwa umelala, au kama ulisikia mlio ndani yake kisha ukashindwa kunyoosha mguu. Na ukiona hedhi yako imekatika kwa miezi mitatu au zaidi tangu uongeze mazoezi, mwambie daktari bila haya. Huenda hauli chakula cha kutosha kulingana na kazi unayofanya, na mwili unaanza kuokoa nguvu kwa kuinyima mifupa. Nenda na daftari la miruko yako ya wiki mbili za mwisho. Hilo litamsaidia kuliko maelezo marefu.